Akselerometa ipi inakufaa? MEMS, piezo na nyinginezo zikilinganishwa

Wanafunzi wa ufundi, na hata mafundi wazoefu wa viwandani, huniuliza swali lile lile: "Nataka kupima mtetemo, ninunue akselerometa (kihisi cha mchapuko, yaani badiliko la kasi) gani?" Sijibu kwa kutaja jina la kifaa. Huwauliza kwanza: mwendo unaotaka kuuona ni wa polepole kiasi gani, na wa kasi kiasi gani? Ukishazijua ncha hizo mbili za masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, ikipimwa kwa hezi, Hz), vifaa vingi vilivyoko sokoni vinajiondoa vyenyewe kwenye orodha yako, na bei inakuwa jambo la mwisho kujadili. Inaniuma kuona mtu ametoa fedha nyingi kwa kihisi kizuri ambacho hakina uwezo kabisa wa kuona anachokitafuta, wakati mistari miwili ya karatasi ya vipimo ingemwambia mapema.

Karibu zote zina springi na uzito

Ndani ya karibu kila akselerometa kuna uzito mdogo ulioshikwa na kitu kinachofanya kazi ya springi. Kifaa kikisukumwa, uzito ule hubaki nyuma kidogo, springi inajikunja, na saketi inasoma ama mkunjo wenyewe ama nguvu iliyouleta. Ndiyo maana akselerometa iliyotulia mezani inasoma g 1 (mchapuko wa mvutano wa dunia) badala ya sifuri: meza inaisukuma juu muda wote. Ukiiachia ianguke, inasoma sifuri mpaka igonge sakafu. Anayeanza hushangaa, lakini ndiyo siri ya simu kujua kama umeishika wima au umeilaza ubavu, ikageuza skrini.

Springi ikiwa ngumu, kifaa kinaweza kufuata mitetemo ya kasi, ila mkunjo unakuwa mdogo mno. Kwa springi yenye masafa ya asili ya Hz 1,000, mchapuko wa g 1 unasogeza uzito robo ya mikroni tu. Ukipanda hadi Hz 5,500, ambayo ni kawaida kwa vihisi vidogo vya silikoni, unazungumzia nanomita 8 hivi. Aina za akselerometa zinatofautiana kwa namna zinavyousoma mwendo huo mdogo, na udhaifu wa kila moja unatokana na namna hiyo.

MEMS ni uzito na springi vilivyochongwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Pembeni mwa uzito kuna vidole vyembamba vinavyopishana na vidole vingine vilivyotulia, na kila jozi ni kapasita. Uzito ukisogea, kapasita inabadilika, saketi inasoma. Kazi iliyoipa teknolojia hii soko kubwa ni mifuko ya hewa ya magari: Analog Devices walitangaza ADXL50 mwaka 1991, yenye uwezo wa g 50, kwa ajili hiyo hiyo ya kutambua ajali. Kapasita haichoki kushikilia thamani yake, kwa hiyo MEMS inasoma hata mwendo usiobadilika. Kwa lugha ya masafa, inaanzia Hz 0.

Piezo inategemea jambo ambalo ndugu Jacques na Pierre Curie walilionyesha mwaka 1880: fuwele fulani zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Uzito unaikandamiza fuwele, au kauri ya aina ya PZT, na chaji inayotoka inalingana na mchapuko. Springi hapa ni fuwele yenyewe, ngumu kweli kweli, kwa hiyo masafa yake yanapanda juu sana. Lakini chaji huvuja. Ukiiweka chini ya mchapuko usiobadilika, baada ya muda mfupi inarudi sifuri kana kwamba hakuna kitu. Kwa kihisi cha kawaida cha viwandani, chini ya nusu hezi hivi hakuna tena cha kuaminika.

Mengine yote nitakayoyasema yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Pampu mbili, vihisi viwili

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mipini ya pampu za mkono katika eneo la Kyuso, Kitui, nchini Kenya. Akselerometa iliyokuwemo ilifuata mpini ukipanda na kushuka, kifaa kikakadiria maji yaliyovutwa, na taarifa zikatumwa kwa SMS. Pampu ikinyamaza isivyo kawaida, fundi anajua bila kusubiri mtu atembee kwenda kutoa taarifa. Katika majaribio hayo, muda wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwa kijiji kinachotegemea kisima kimoja, hilo ni jambo kubwa kuliko teknolojia yoyote iliyolileta.

Tazama kilichokuwa kinapimwa. Mpini wa pampu hupanda na kushuka karibu mara moja kwa sekunde, wakati mwingine polepole zaidi, na kinachobadilika hasa ni mwelekeo wake dhidi ya mvutano wa dunia. Ni kazi ya Hz 0 hadi Hz 5 hivi. Ukimpa kazi hiyo mtu mwenye kihisi cha piezo cha dola mia kadhaa, atarudi na takataka. MEMS ya dola chache inaifanya vizuri, tena kwa betri.

Pampu ya pili ni ile ya umeme: mota ya nguzo nne, umeme wetu wa Hz 50, inazunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Shafti inapiga Hz 24.2. Uzito ukiwa hauko sawa kwenye shafti, mtetemo mkubwa unatokea hapo hapo kwenye Hz 24.2, na hata MEMS ya bei nafuu itauona. Tatizo ni beringi. Chukua 6205, beringi inayopatikana karibu kila duka la vipuri, yenye goroli tisa. Njia yake ya nje ikipata kidonda, goroli hukipita mara 3.58 kwa kila mzunguko wa shafti, yaani karibu Hz 87. Kwa hesabu hiyo tu ungesema kihisi kinachofika Hz 200 kinatosha.

Hakitoshi. Kidonda kinapokuwa kichanga, kila goroli likipita hutoa pigo fupi sana lenye nguvu ndogo, na chuma kinalia kwa masafa ya maelfu ya hezi. Ile Hz 87 ni mdundo tu wa mapigo hayo. Kwenye masafa ya chini imefunikwa na mtetemo wa shafti. Anayepima hadi kHz 10 anausikia ugonjwa mapema, akauchuja mdundo kutoka kwenye mlio wa juu. Anayeishia Hz 200 ataujua wakati beringi imeshachakaa na fundi wa zamu ameshaisikia kwa sikio. Kwa hiyo kama lengo lako ni beringi, tafuta kihisi kinachofika angalau kHz 5, na kHz 10 ndiyo salama.

Bodi tatu za bei nafuu

Wengi wanaonunua mtandaoni au kwenye maduka ya elektroniki hukutana na hizi tatu. Zote ni MEMS za mihimili mitatu. I2C na SPI ni njia mbili za kihisi cha dijitali kupeleka namba kwa kompyuta ndogo.

| | ADXL335 | ADXL345 | MPU-6050 |
|---|---|---|---|
| Inachotoa | volteji ya analogi | dijitali, I2C au SPI | dijitali, I2C |
| Kipeo | ±3 g | ±2 hadi ±16 g | ±2 hadi ±16 g |
| Masafa ya juu | Hz 1,600 (X, Y), Hz 550 (Z) | Hz 1,600 | Hz 260 |
| Ziada | hakuna | ghala la ndani la sampuli 32 | jairoskopu ya mihimili mitatu |

Jedwali hili lina mitego. ADXL335 inaonekana kufika Hz 1,600, lakini kikomo halisi kinawekwa na kapasita zilizochomelewa kwenye bodi. Bodi nyingi huja na kapasita za mikrofaradi 0.1, na hizo zinakata mtetemo kuanzia Hz 50. Mota ya nguzo mbili, inayozunguka mara 2,900 kwa dakika, iko Hz 48, yaani pale pale kwenye ukingo wa kukatwa. Ukitaka Hz 500, badilisha kapasita ziwe za mikrofaradi 0.01. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mkono mtulivu na chuma cha kuchomelea chenye ncha nyembamba.

Mtego wa pili wa ADXL335 uko kwenye kusoma volteji. Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia, inagawa volti 5 katika hatua 1,024, na kwa kihisi hiki kila hatua ni karibu g 0.015. Sasa linganisha: kwenye mota yetu ya Hz 24.2, mtetemo wa milimita 1 kwa sekunde ni mchapuko wa g 0.0155. Kiwango cha zamani cha kimataifa, ISO 10816-1, kinaanza kutilia shaka mashine ndogo, za hadi kilowati 15, ikivuka milimita 1.8 kwa sekunde. Yaani tofauti kati ya mota nzima na mota ya kutiliwa shaka ni hatua moja au mbili za Arduino. Kwa kujifunzia sawa. Kwa kuamua kama mota izimwe, hapana.

ADXL345 ni bora kwa mitetemo, mradi uitumie kwa SPI. Inaweza kutoa sampuli 3,200 kwa sekunde, lakini kwa I2C ya kawaida ya kHz 400 mwisho wake ni sampuli 800, na hapo unaona mpaka Hz 400 tu. Mafunzo mengi ya mtandaoni hutumia I2C kwa sababu waya ni chache. Ukifuata mafunzo hayo bila kujua, umejinyima robo tatu ya uwezo wa kihisi chako.

MPU-6050 ndiyo maarufu kuliko zote, na ni nzuri kwa kazi yake: droni, roboti inayojisawazisha, mkono bandia, chochote kinachohitaji kujua kimeinama kiasi gani huku kikizunguka. Jairoskopu yake, yaani kihisi cha kasi ya kuzunguka, ndiyo sababu ya kuinunua. Kwa mtetemo wa mashine, Hz 260 ni fupi, na kelele yake (namba kuchezacheza hata kihisi kikiwa kimetulia) ni mikro-g 400 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi. Kwenye upana huo wote kelele inafika karibu g 0.0064. Itaona mota iliyopoteza uwiano wa uzito, basi. Nisingeifunga kwenye pampu ya kiwanda nikitegemea inionye juu ya beringi.

Betri nayo ina neno lake. MPU-6050 yenye jairoskopu ikiwa imewashwa inakula karibu miliampia 4. Betri ndogo ya CR2032 ingekauka chini ya siku tatu hata kama ingeweza kutoa mkondo huo bila shida. Kwa kifaa cha kufuatilia gari kinachopaswa kulala mpaka gari litikisike, au mkanda wa shingoni wa ng'ombe unaofuatilia mwendo wake ili mfugaji ajue yuko kwenye joto, tafuta ADXL362. Inakula mikroampia 1.8 ikichukua sampuli 100 kwa sekunde, na nanoampia 270 ikiwa inasubiri tu kuamshwa na mwendo. Kwa matumizi hayo betri inazeeka yenyewe kabla kihisi hakijaimaliza.

Piezo ya viwandani, na bei yake ya kweli

Kihisi cha piezo ambacho fundi wa mitetemo hukutana nacho zaidi ni cha aina ya IEPE: ndani ya kopo la chuma cha pua kuna fuwele pamoja na amplifaya ndogo. Mara nyingi hutoa milivolti 100 kwa kila g, kinapima hadi g 50, na masafa yake ni nusu hezi mpaka kHz 10. Kelele yake ni ndogo, hakijali vumbi wala mafuta, na waya wake unaweza kwenda makumi ya mita bila kupoteza ishara. Kwa beringi, giaboksi na feni kubwa, hiki ndicho ninachokiamini.

Ila usidhani utakichomeka kwenye Arduino. Kinahitaji chanzo cha volti 18 hadi 30 kinachotoa mkondo usiobadilika, miliampia 2 hadi 20, kupitia waya ule ule unaoleta ishara. Kihisi kwa kawaida ni dola mia na kuendelea, na kifaa cha kukisomea kinaweza kuzidi hapo. Pigia hesabu vyote viwili kabla hujaagiza.

Faida moja ambayo watu hawaitaji ni urahisi wa kukikagua. Weka multimita kwenye volti za DC, pima kwenye waya wa ishara wakati chanzo kimewashwa. Ukiona volti 8 hadi 12, kihisi ni kizima. Ukiona volti zote za chanzo, 24 kwa mfano, waya umekatika mahali au kiunganishi kimelegea. Ukiona sifuri, kuna shoti. Fundi aliyeko juu ya ngazi kwenye joto la mashine anapata jibu bila kompyuta.

Ukomo wake ni joto: kwa sababu ya amplifaya ya ndani, IEPE ya kawaida huishia karibu nyuzi 120. Kwenye turbini na mabomba ya moshi hutumika piezo isiyo na amplifaya ndani, inayotoa chaji tupu na kuvumilia mamia ya nyuzi, lakini waya wake ni maalumu, hautaki kutikiswa wala kulowa. Usiinunue kama joto halikulazimishi.

Kati ya piezo na bodi nafuu sasa kuna MEMS za masafa mapana. ADXL1002 inafika kHz 11, inapima hadi g 50, na kelele yake ni mikro-g 25 tu kwa kila kipeuo cha pili cha hezi. Kwa mtu anayejua saketi, hii ndiyo chaguo ninalolipendekeza kwa moyo mmoja: unapata sehemu kubwa ya kazi ya IEPE kwa fedha ndogo zaidi. Lakini ina mhimili mmoja, inatoa analogi, na inahitaji kisomaji cha sampuli zaidi ya 25,000 kwa sekunde chenye kichujio mbele yake. Arduino Uno hufikia karibu 9,600, na ukiilazimisha, mtetemo wa juu utajitokeza kwenye masafa ya chini kama mtetemo mwingine usiokuwepo, na utaanza kutafuta ugonjwa ambao mashine haina.

Kukifunga ni nusu ya kipimo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Kihisi cha kHz 10 kikishikwa kwa mkono na fimbo ya kugusia hakikupi hata kHz 1. Sumaku ya miguu miwili juu ya bodi ya mota iliyojipinda inafika karibu kHz 2. Sumaku bapa juu ya chuma kilichosafishwa inapanda zaidi. Bolti iliyofungwa kwenye uso uliosawazishwa ndiyo inayokupa masafa yote uliyoyalipia. Rangi nene chini ya sumaku ni springi ya ziada, kwa hiyo ikwangue.

Vitabu vingi husifia nta ya nyuki kwa vipimo vya haraka, na katika maabara yenye kiyoyozi ni nzuri kweli. Kikomo chake ni nyuzi 40 hivi. Bodi ya mota inayofanya kazi mchana Dar es Salaam au Mombasa huvuka hapo kwa urahisi, nta inalainika, na kihisi kinaanza kuteleza wakati bado unasoma namba. Tumia bolti, au gundi ngumu ya epoksi kama huruhusiwi kutoboa.

Aina mbili za kazi maalumu

Akselerometa za piezoresistivu hupima badiliko la ukinzani wa silikoni ikivutwa au kubanwa. Zinasoma kuanzia Hz 0 na kuvumilia mapigo makubwa. Endevco 7270A ina toleo la g 200,000. Kazi yake ni majaribio ya magari ya kugongeshwa na milipuko. Piezo ikipigwa sana, sifuri yake huhama, na ukijumlisha mchapuko kupata kasi, jibu linakwenda kombo. Kama hugongeshi kitu, pita.

Nyingine ni ile ya nguvu-mizania. Badala ya kuuacha uzito usogee, saketi inaurudisha mahali pake kwa sumaku, na mkondo unaohitajika ndio kipimo. Zipo kwenye ndege kwa ajili ya uongozaji, na kwenye vituo vya kupimia matetemeko: EpiSensor ya Kinemetrics inasoma kutoka Hz 0 hadi 200, ikiona mtikisiko mdogo sana na mkubwa kwa kifaa kimoja. Tuliokaa kandokando ya Bonde la Ufa tuna sababu ya kuzijali. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Bei yake ni maelfu ya dola, kwa hiyo ni ununuzi wa taasisi. Mhandisi anayetaka kufuatilia ghorofa au daraja moja anaweza kuanza na ADXL355, MEMS ya dijitali yenye kelele ya mikro-g 25 kwa kipeuo cha pili cha hezi, inayosoma kuanzia Hz 0. Jengo la ghorofa kumi huyumba karibu mara moja kwa sekunde, na hapo piezo ya kawaida ya viwandani iko ukingoni mwa uwezo wake.

Siku kifaa kikifika

MEMS unaweza kuikagua mezani. Elekeza mhimili juu, andika namba. Ugeuze chini, andika tena. Nusu ya tofauti ya namba mbili ndiyo g 1 yako, na wastani wake ndio kosa la sifuri la kuondoa kwenye kila usomaji. Fanya hivyo kwa mihimili yote mitatu. Usijisumbue kwamba kwenye ikweta g ni karibu 9.78 badala ya 9.81 ya vitabuni. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la bodi yoyote ya bei nafuu.

Piezo haiwezi kupimwa kwa kugeuzwa, kwa sababu haioni mvutano uliotulia. Kwa hiyo dai cheti chake cha usawazishaji (kalibresheni), chenye namba ya kihisi chenyewe na unyeti wake halisi kwa masafa yaliyotajwa, mara nyingi Hz 100 au 159.2. Na kuanzia siku hiyo usikiangushe: kutoka mezani hadi sakafu ya zege pigo linaweza kufika maelfu ya g. Kikianguka, kirudishe kwenye usawazishaji kabla hujakiamini tena kwenye mashine.